Daktari Anataka Kukua

Bibi yangu aliponiambia kwamba ameota titi la tatu, nilicheka mpaka nikamwaga maharage.

Tulikuwa jikoni, mimi nachambua, yeye anapuliza moto wa kuni mbichi. Aliniambia kwa Kirundi, maana Kiswahili chake ni cha sokoni: cha kuuliza bei na kuikataa.

"Mugabo wanje," alisema. Maana yake mume wangu, na ndivyo alivyoniita tangu nianze kutembea. "Nimeota ibere rya gatatu. Dogo tu. Liko pembeni ya hili la kushoto."

"Basi nitakurudisha kwenu," nikamjibu. "Mimi nilioa mwenye mawili."

"Nirudishe. Kwetu kwenyewe hata mimi njia nimeisahau."

Kwao ni Burundi, alikoondoka kwa miguu akiwa na baba yangu mgongoni, na tangu hapo yuko hapa Kasulo. Utani wa kumrudisha kwao ni wangu peke yangu. Mtu mwingine akiuleta, tunavuana mashati.

Lazima nieleze jambo hili la utani, la sivyo mtaona tumerogwa. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume wa maneno. Anaweza kuniambia nina miguu ya korongo, nami naweza kumwambia amezeeka nitafute mwingine. Lakini baba hawezi kutaja titi la mama yake mzazi; afadhali ataje la ng'ombe. Mama naye ni mkwe, na mkwe kwa mama mkwe huongea akiangalia chini. Binti pekee wa bibi, shangazi yangu, aliolewa Nyamigogo huko Biharamulo, na huonekana Krismasi. Kwa hiyo neno kama lile, katika nyumba nzima, lilikuwa na mlango mmoja wa kupitia, na mlango wenyewe ni mimi. Bibi alibisha hodi kwa utani kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kubisha. Mimi nikafunga kwa kicheko.

Nilifunga kwa miezi, siyo siku. Maharage yale tukayala, mengine tukayapanda, yakaota, yakawekewa fito, na mimi bado naendelea tu.

"Titi la tatu halijambo?"

"Linakua."

"Linakula nini?"

"Linanila mimi."

Tunacheka. Naenda zangu shuleni nikijiona mtu wa maana.

Shuleni mimi ndiye mchekeshaji. Kila darasa lina mmoja. Ni kama dawati bovu, lipo tu. Tulikuwa kidato cha tatu, biolojia, mada ya uzazi, mada ambayo nusu ya darasa hucheka na nusu huchungulia dirishani. Mwalimu wetu alikuwa madam mmoja mwenye sauti ya mtu aliyefundisha vipindi sita bila kunywa chai. Alichora duara ubaoni, akaweka duara dogo ndani yake, akasema hiyo ni seli. Akachora ikijibana katikati kama nyigu. Zikawa mbili. Kisha nne.

Nikanyoosha mkono. "Madam, kumbe seli ni kama serikali. Mkoa ukinenepa unagawa wilaya, wilaya inagawa kata, kata inagawa vijiji."

Darasa likacheka. Madam hakucheka, ila hakunifukuza pia.

"Sawa," akasema. "Na wilaya ikijigawa bila ruhusa? Kila wiki wilaya mpya, na kila moja inataka ofisi, gari na bomba lake la maji?"

"Tutakufa njaa, madam."

"Hiyo ndiyo saratani. Kaa chini."

Nikakaa. Akaendelea, safari hii kwa Kiswahili kitupu, na kwa Kiswahili hata wale wa nyuma waliamka. Alisema seli kabla ya kujigawa hunakili maelekezo yake yote, kama sisi tunavyonakili ubaoni, na kwa haraka ileile. Makosa hutokea kila siku. Ndani ya seli kuna wasahihishaji: wanafuta, wanaandika upya, na kosa likizidi seli yenyewe hujiua kimyakimya, mwili ukapona bila wewe kujua kwamba ulikuwa hatarini. Lakini miaka inakwenda, makosa yanarundikana, na mojawapo linaweza kuangukia pale palipoandikwa "simama". Lingine likaangukia kwa wasahihishaji wenyewe. Basi seli hiyo haisikii tena. Inajigawa, na watoto wake wanarithi kosa lile, nao hawasikii. Wanakuwa uvimbe. Wanaita mishipa ya damu ije kuwalisha. Wakikosa nafasi wanasafiri, wanaanzisha makazi kwingine.

"Wanasafiri kwenda wapi?" mtu aliuliza.

"Inategemea. Ikianzia kwenye titi, mara nyingi huanza na kwapani."

Hapo hata wavulana hawakucheka sana. Madam akafuta ubao huku akimalizia, kama mtu anayetaja kitu kidogo alichosahau: "Na mwanzoni uvimbe wenyewe kwa kawaida hauumi. Ndiyo maana watu hukaa nao."

Nilikumbuka kwamba bibi hajawahi kulalamika hata siku moja. Tangu lini mtu mzima akalalamikia kitu kisichouma?

Kengele ilipolia nikamfuata madam mlangoni. Sikujua kuanza bila mzaha. Sikuwa na mwanzo mwingine kichwani.

"Madam, mtu anaweza kuota titi la tatu?"

"Kachukue fagio."

Nikafagia. Nilifagia ofisi ya walimu, nikafagia kibaraza, nikarudi nikasimama palepale. Akaniangalia vizuri.

"Nani?" akauliza.

"Bibi yangu, madam."

Madam alitaka namba ya mtu mzima wa kike nyumbani. Nikampa ya shangazi, lakini nikamwonya: mimi nikipiga hataniamini. Pasaka iliyopita nilimpigia nikamwambia bibi amechumbiwa na mzee wa kanisa. Shangazi alitoka Nyamigogo na jogoo wa harusi. Tangu siku hiyo akiona namba ya nyumbani huanza kwa kusema, "Kama ni wewe, kata." Basi akapiga madam mwenyewe. Nilisikia sauti ya shangazi ikipasuka kwenye simu: "Mwalimu, huyo mtoto muongo! Mwulize na jogoo wangu yuko wapi!" Madam akasubiri amalize, kisha akaongea kwa upole kwa muda mrefu. Shangazi akanyamaza. Akasema atakuja akimaliza kuvuna mahindi, lakini tusimsubiri.

Hatukumsubiri. Baba alitupeleka hospitali kwa pikipiki ya kukodi, sisi watatu na dereva, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Alipofika getini alisema anaangalia mahali pa kivuli, akabaki huko huko. Sikumlaumu. Mtu anaweza kumbeba mama yake popote isipokuwa hapo.

Siku ile ya kwanza ilikwenda vizuri. Walimchukua bibi kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano, wakasema kitapelekwa kupimwa, turudi baada ya wiki kadhaa. Nilitafsiri "sindano" na "subiri", maneno ambayo mtoto yeyote anayajua. Nikatoka nimevimba kichwa kama mkalimani wa rais.

Tuliporudi kwa majibu, tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua likaingia chini ya benchi. Bibi alisinzia begani kwangu. Nilikuwa na daftari la hesabu, sikuandika kitu. Nilichoka uchovu ambao siujui jina lake, wa kukaa bila kufanya kazi yoyote.

Daktari alikuwa kijana, mgeni wa huku, na mfupi. Nasema mfupi bila utani: alipokaa kwenye kiti chake, miguu haikugusa sakafu vizuri. Akaniuliza kama amwite muuguzi anayejua lugha ya huku, isiyo mbali na Kirundi, atusaidie.

"Hapana, daktari," nikasema. "Mimi nipo."

Hayo ni maneno manne ningelipa chochote kuyarudisha mdomoni.

Akasema majibu yanaonyesha ni saratani. Nikamwambia bibi: kansa. Hilo neno halina tafsiri, linatisha lugha zote sawa. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa mvua haitanyesha na alishaona mwenyewe. Daktari akasema bado haijaenda mbali. Nikasema. Kisha akasema, "Mwambie tunataka kulitoa. Mapema."

Kutoa, kwa Kirundi, ni gukura. Kukua nako ni gukura. Kwenye karatasi ni neno moja, lakini mdomoni yako mawili: la kutoa unalivuta, la kukua unalikata. Anayejua hawezi kuyachanganya, kama wewe usivyochanganya baba na bata. Lakini mimi Kirundi changu ni cha jikoni, kingine chote nimekulia kwenye Kiswahili cha uwanja wa mpira. Nikamgeukia bibi na kumwambia kwa kujiamini kabisa kwamba daktari anataka gukura, mapema. Nikalikata.

Bibi akasikia kwamba daktari anataka kukua.

Akamwangalia yule kijana kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu yake inayoning'inia. Uso wake wote ukalegea kwa huruma. "Akure," akasema, yaani akue, "akure tu, Mungu amsaidie. Bado mapema kweli."

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Amekubali," nikasema. "Anasema Mungu akusaidie."

Daktari alifurahi. Akamshukuru bibi kwa mikono miwili, na bibi akampigapiga mkononi, pole mwanangu. Akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa Mwanza, akaleta karatasi ya ridhaa, bibi akaweka dole gumba. Watu watatu tuliagana mle chumbani tumeridhika, na bibi na daktari kila mmoja alikuwa amezungumza jambo lake.

Shangazi alikuja siku mbili baadaye, akaisoma ile barua mbele ya bibi akimfafanulia kila mstari kwa Kirundi chake kilichonyooka. Alipofika kwenye kukata titi, bibi akamshika mkono.

"Nani anakatwa?"

"Wewe, mama. Si umekubali? Dole gumba hili hapa."

Bibi akanigeukia. Nilijaribu kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo shangazi alivyofumba macho. "Umesema gukura?" akaniuliza. "Hivyo hivyo? Umekata?" Akashika kichwa. "We mtoto we! Umemwambia daktari anataka kurefuka!"

Siku nyingine tungecheka mpaka majirani waje. Bibi hakucheka. Alisema mara ya mwisho kuweka dole gumba kwenye karatasi asiyoijua ilikuwa mpakani, alipokimbia Burundi, na alipandishwa gari bila kujua linakwenda wapi. Alisema hataweka tena, na dole lile pale si lake, ni langu. Mwanza haendi. Akaingia ndani.

Kwa siku nne hakuniita mume. Aliniita kwa jina langu la shule, lile la kwenye cheti, na kila alipolitamka nilihisi naitwa ofisini. Shangazi alibembeleza, akalia, akabembeleza tena. Baba alipita mlangoni mara nyingi bila kuingia. Mama akapika ugali na dagaa ambao hakuna aliyeumaliza. Barua ilikuwa na tarehe, na tarehe ilikuwa inakuja. Mimi nilikaa darasani nikiona lile duara ubaoni hata madam alipokuwa ameshalifuta. Zile seli hazikuwa zimenuna. Zenyewe zilikuwa zinaendelea na kazi, mbili, nne, nane, na sisi huku tumegombana kwa ajili ya irabu moja. Rafiki zangu waliniambia, "Vipi, leo huna kitu?" Sikuwa na kitu. Sijui kama mtu wa miaka kumi na saba anaruhusiwa kuchoka hivi. Kwenye sare hamna mahali pa kuuweka uchovu huo.

Siku ya tano nilimkuta bibi kwenye matuta ya viazi vitamu. Alikuwa amepiga magoti, anafukua kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto alikuwa ameuweka pajani, na nikaona kwamba huenda alikuwa akiuweka hivyo siku nyingi.

Nikapiga magoti tuta la pili. Nikavuta kiazi kwa fujo, kikakatikia ardhini.

"Hivyo unakata," akasema bila kuniangalia. "Hapo hujatoa. Nusu imebaki, itaoza au itaota tena."

"Hiyo kazi inaitwaje?" nikauliza.

"Unajua."

"Sijui. Ingekuwa najua tusingekuwa tumenuniana."

Akafuta udongo kwenye kiazi chake. "Gukuura," akasema.

"Gukura."

"Hapana, hapo kimekua. Vuta."

"Gukuura."

"Vuta zaidi. Una haraka gani? Wewe shida yako ni haraka."

Nililisema mara saba au nane, kila mara akinirudisha, mpaka ng'ombe wa jirani akageuka kutuangalia. Mwishowe akasema, "Ehe. Hilo."

Nikashika lile neno kabla halijaponyoka. Nikasema sentensi nzima kwa Kirundi, polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka daraja la mti: kwamba daktari anataka kulitoa titi lako la kushoto, lote, pamoja na ule uvimbe, kabla haujahama. Nikavuta panapovutwa. Sikuongeza utani wowote mwishoni. Nilijihisi uchi.

Bibi aliweka kiazi chake kikapuni. Kisha akasema, "Sasa umesema."

Akaniuliza nani ameliambia likue. Nikamwambia hakuna aliyeliambia. Liliambiwa lisimame, halikusikia. Nikamweleza habari za kunakili, za kosa dogo ambalo wasahihishaji hawakuliona, na watoto wanaorithi kutosikia. Nilimwambia hakulogwa, na hakutenda kosa lolote. Nilimwambia pia kwamba sijui kama kulitoa kutatosha.

"Kumbe ni kama wewe," akasema. "Ulianza vizuri, ukakosa wa kukwambia basi."

"Ndiyo."

"Na nikikataa?"

"Itabaki nusu, kama hicho kiazi."

Akakiangalia kile kiazi nilichokikata, sehemu nyeupe ikitoa utomvu. Akaingiza vidole ardhini, akakitafuta kipande kilichobaki, ikamchukua muda, akakitoa kizima na mizizi yake. Akakitupa kwenye kikapu.

"Mwambie shangazi yako afunge nguo," akasema. "Na wewe, mugabo wanje, hutafsiri tena bila mimi kukusahihisha."

Alikwenda Mwanza na shangazi, wakakaa sana. Kukawa na kisu, halafu dawa za dripu, halafu safari nyingine za dripu. Alirudi mwepesi, amefunga kitenge kichwani kwa sababu nywele zilikuwa zimeondoka. Kwa wiki nyingi kazi yangu baada ya shule ilikuwa kumletea uji na kuukuta haujanywewa. Utani ulikuwepo, lakini ulikuwa unatembea kwa fimbo. "Nimebaki na moja," alisema siku moja. "Sasa utanirudisha kweli." Nikamwambia njia nami nimeisahau. Akalala.

Juzi nilimpeleka kwa yule daktari kuangaliwa. Benchi ni lilelile. Muuguzi anayejua lugha alikuwepo, nami nikamwita mwenyewe kabla sijaulizwa, lakini bibi akakataa. Akasema mkalimani wake anaye, ni mbovu ila amemzoea.

Daktari alipapasa kovu. Akapapasa kwapani, taratibu, kwa ncha za vidole, huku akiangalia ukutani kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Bibi alinishika kidole kimoja, hakushika mkono mzima. Nilihesabu vigae vya sakafuni, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

"Kwa sasa," daktari akasema, "hakuna kinachokua."

Ilikuwa zamu ya lile neno lingine, lile fupi. Nililipima mdomoni kwanza. Nikamgeukia bibi na kulisema, nikalikata palepale panapokatwa: kwa sasa, hapa hakuna kinachokua.

Bibi akafumba macho. Akavuta pumzi, akaishusha. Kisha akafungua jicho moja, akamwangalia daktari kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyake vilivyoning'inia juu ya sakafu.

"Hata yeye?" akaniuliza.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anashukuru," nikasema.

Bibi akanifinya kidole. Hakunisahihisha.